Zaburi ya 23 si ya matanga pekee

Mwaka jana nililazwa hospitalini kwa siku tisa. Kitanda cha pili kutoka changu alilala mzee mmoja ambaye kila alfajiri, kabla ya wauguzi kubadilishana zamu, aliikariri Zaburi ya 23 kwa sauti ya chini. Siku ya tatu, kijana aliyekuwa amevunjika mguu alishindwa kuvumilia. "Mzee, hiyo si ya matanga? Mbona unatuzika mapema?" Wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee naye akacheka, kisha akajibu: "Maiti hachungwi, kijana wangu. Anayechungwa ni aliye hai."

Jibu hilo halijanitoka akilini. Kijana hakuwa na hatia. Wengi wetu tumeizoea zaburi hii makaburini na katika vijitabu vya ratiba za mazishi, hata tumeifanya mali ya marehemu. Ilhali mstari wake wa mwisho unataja siku zote za maisha ya msemaji, si siku ya kufa kwake. Mimi ni Mkristo na zaburi hii imenitia moyo mara nyingi, lakini leo nataka tuitazame kwa jicho la lugha. Naamini faraja yake imo katika maneno na sarufi yake, na mazoea yetu yameifunika.

Tuanze na neno 'mchungaji'. Mtoto wa mjini akilisikia leo, humjia akilini mtu mwenye suti na maikrofoni. Mtunzi wa Kiebrania alikuwa na maana ya mtu wa malishoni, mwenye vumbi miguuni na harufu ya kondoo nguoni. Neno alilotumia linatokana na mzizi ule ule ambao katika Kiarabu ulizaa neno lililotufikia kama 'raia', yaani, kwa asili, kundi linalochungwa. Wafalme wa Mashariki ya Kati ya kale walipenda kujiita wachungaji wa watu. Hammurabi wa Babeli ni mmoja wao. Basi mtu aliyemwita Mungu mchungaji wake alikuwa akitangaza pia yeye ni raia wa nani. Hayo si maneno ya mnyonge aliyekata tamaa.

Sasa tuje kwenye sarufi. Mwanzoni msemaji anamzungumzia Mungu katika nafsi ya tatu: Yeye hunilaza, Yeye huniongoza. Ni maneno ya mtu anayewasimulia wenzake habari za Bwana wake mambo yakiwa shwari. Lakini anapofika bondeni, penye giza, nafsi inabadilika ghafla. 'Yeye' anakuwa 'Wewe'. Msimulizi ameacha kusimulia, anaomba. Mtu akiwa malishoni anaweza kuhutubu kuhusu Mungu. Akiwa bondeni, anamwita. Tena ukiacha kichwa cha zaburi na kuyahesabu maneno ya Kiebrania, utakuta maneno 26, kisha matatu yanayosema kwamba Wewe u pamoja nami, halafu maneno 26 mengine. Katikati kabisa ya shairi ndipo ulipo huo 'Wewe'. Wahenga wetu walisema penye wimbi na mlango ni papo.

Tafsiri nazo zina mchango wake. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa 'uvuli wa mauti' ni tsalmavet. Kama lilivyoandikwa, linaunganisha kivuli na mauti, na 'mauti' yetu iliyopitia Kiarabu ni ndugu wa hiyo mavet. Hata hivyo, wataalamu wengi wanaona kuwa asili yake ni neno la giza totoro, na tafsiri kadhaa za kisasa husema giza kuu. Tofauti hii si ndogo. Giza kuu ni la anayekufa, lakini pia ni la aliyeachishwa kazi, la mama anayesubiri nje ya chumba cha upasuaji, la mwanafunzi aliyekosa karo.

Mwishoni, tunaambiwa kwamba wema na fadhili 'zitanifuata'. Kitenzi cha Kiebrania, radaf, kina nguvu kuliko hivyo. Ndicho kinachotumika katika kitabu cha Kutoka pale Farao anapowakimbiza Waisraeli kwa magari ya vita. Lau ningeulizwa, ningesema 'zitaniandama'. Msemaji ana maadui, na maadui ndio kawaida yao kuandama watu. Hapa lakini anayekuandama ni wema.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoihubiri zaburi hii kama hati ya utajiri. Bonde halikwepwi, linapitwa. Meza inaandaliwa huku maadui wapo, wanatazama. Hatuambiwi kwamba wameondoka. Asiyepungukiwa hapa si mtu asiye na shida, ni mtu asiyeachwa peke yake.

Mkristo akiisoma, humkumbuka Yesu anayejiita mchungaji mwema katika Injili ya Yohana, sura ya 10, ambaye huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Ni haki yetu kuisoma hivyo, mradi tusisahau kwamba Wayahudi walikuwa nayo kabla yetu, na hadi leo wengi wao huiimba mezani jioni ya Sabato. Wao huiimba wakila, sisi huisoma tukizika. Tungefaidika kujifunza kwao.

Msomaji, usiingoje hadi siku ya jeneza. Isome Jumatatu asubuhi kabla ya kupanda matatu. Asubuhi niliyoruhusiwa kwenda nyumbani, mzee alikuwa amechoka, hakukariri chochote. Yule kijana wa mguu ndiye aliyeinua kichwa: "Mzee, leo hutusomei?"