Kuipiga Picha Kreta ya Ngorongoro kwa Simu

Atakayesimama juu ya ukingo wa Ngorongoro, kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, akaitazama kreta iliyotandaa mita 600 hivi chini yake, hatakawia kutambua ya kuwa lenzi ya simu haina wasaa wa kuyapokea yote yaliyoko mbele ya macho. Na hapo aghalabu hutumia panorama, akaunyosha mkono, akajigeuza, kisha akapata picha ambayo upeo wake umepinda na vichaka vyake vimekatika.

Kasoro hiyo, kwa rai yangu, haimo ndani ya simu, bali imo katika nyayo na viwiko vya mpigaji. Simu haichukui picha moja ndefu. Huchukua vipande vingi vinavyofuatana na kupandana, kisha programu yake huzitafuta alama zinazofanana katika vipande hivyo na kuviunga. Kazi hiyo ni nyepesi madhali lenzi imebaki mahali pamoja. Walakini mkono ulionyooshwa huibeba lenzi katika duara, na kila inaposogea, kichaka kilicho karibu huonekana kuhama mbele ya ukuta wa kreta ulio baidi, hata programu ikawa haina njia ya kuvipatanisha viwili hivyo ila kwa kukikata kimojawapo.

Kwa hiyo sharti mpigaji aizunguke simu, wala asiizungushe simu kumzunguka yeye: aishike kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, aiweke wima juu ya nukta moja ya ardhi, na aizunguke nukta hiyo kwa hatua fupi fupi. Wima, nasema, kwa kuwa simu iliyolazwa hutoa utepe mwembamba usio na mbingu wala sakafu ya kreta. Na vichaka vya karibu, kama vyaweza kuepukwa kwa kusogea mbele kidogo pasipo hatari, na viepukwe.

Mpiga picha Eadweard Muybridge naye, alipoipiga San Francisco mwaka 1878 kwa picha 13 zilizoungwa, aliligeuza jicho la kamera pande zote akiwa juu ya kilima kimoja. Na vivuli vya majengo, visivyolingana baina ya picha na picha, vingali vikishuhudia kuwa jua lilikuwa likisogea wakati yeye yu kazini. Simu humaliza kwa sekunde chache, lakini taabu ya nuru haikuondoka: humo kretani msitu wa Lerai ni mweusi, Ziwa Magadi lang'aa, na kipimo cha nuru kilichochukuliwa msituni hulichoma ziwa likawa jeupe tupu. Katika simu nyingi, kidole kikishikiliwa juu ya kioo kabla ya kuanza hukifunga kipimo. Nacho kifungwe penye mawingu au ziwani, maana giza huweza kuinuliwa baadaye, ilhali weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Wala pasiwe na tamaa ya kuzunguka duara zima. Theluthi yake yatosha kabisa kwa kreta hii; ikizidi hapo, uzio au barabara iliyo karibu, hata ikiwa imenyooka, hutoka katika picha imepinda kama upinde wa mshale.