Kufukuza, Kurudisha na Kufunga: Uhakiki wa Msamiati wa Sheria ya Wageni

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi. Ni nadra hati ya serikali kuletwa mbele yao na kuhojiwa kwa vigezo vile vile: ni neno gani lililoteuliwa, ni lipi lililoachwa, na uteuzi huo unamfaa nani. Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno matatu yanayosikika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kila mara mgeni anapokamatwa: kufukuza, kurudisha na kufunga. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili tunachokitumia Uvira, Kavimvira na katika bonde la Ruzizi kinachanganya mambo ambayo sheria imeyatenganisha, na kwamba anayelipia mchanganyiko huo ni yule aliyekamatwa.

Suala hili si la nadharia tupu. Kuanzia mwaka 2015 maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kupokelewa katika kambi ya Lusenda, na baadaye Mulongwe, katika eneo la Fizi. Mwaka 2025 mkondo uligeuka: makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka Ruzizi kuingia Burundi. Kwa hiyo katika eneo letu kila mwenyeji ni mgeni mtarajiwa, na maneno tunayomwekea mgeni leo huenda tukayavaa wenyewe kesho.

2.0 Sheria Inasema Nini

Amri-sheria nambari 83-033 ya tarehe 12 Septemba 1983, iliyotungwa enzi za Zaire, ndiyo iliyoweka utaratibu wa polisi ya wageni. Katika kifungu cha 15 inaeleza kwamba mgeni anayetakiwa kufukuzwa nchini, na ambaye anaweza kutoroka ili kuukwepa uamuzi huo, anaweza kuwekwa gerezani kwa saa 48. Muda huo unaweza kuongezwa kwa saa 48 kila mara, ila jumla yake isizidi siku 8.

Masharti hapa ni matatu, nayo yote ni ya lazima. Kwanza, pawepo utaratibu wa kumfukuza mtu. Pili, pawepo hofu ya kutoroka. Tatu, pawepo kikomo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliongeza jambo ambalo wanaisimu hatuna budi kulizingatia. Kifungu cha 18 kinaagiza kwamba kila anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, tena katika lugha anayoielewa. Hapo lugha imeingizwa ndani ya haki yenyewe. Maelezo yasiyoeleweka, kwa mujibu wa kifungu hicho, si maelezo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Saa 48 za amri ile ni siku mbili hizo hizo. Tofauti ni kwamba methali inajua la kufanya siku ya tatu: mgeni anapewa kazi na nafasi katika nyumba. Sheria nayo inajua: siku ya tatu pawe na sababu mpya au mlango ufunguliwe. Ni utekelezaji usiojua.

3.0 Siku 66 na Neno Moja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara raia wa Guinea aliyeingia nchini mwaka 1964. Alikamatwa Kinshasa tarehe 5 Novemba 1995, akazuiliwa hadi tarehe 10 Januari 1996, yaani siku 66. Baadaye alikamatwa tena, akaondolewa nchini tarehe 31 Januari 1996. Guinea iliishitaki Kongo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Hukumu ya tarehe 30 Novemba 2010 ilisema kwamba kuzuiliwa na kufukuzwa kwake kulivunja Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa pamoja na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mwaka 2012 Mahakama iliamuru Guinea ilipwe dola 95,000 za Marekani kwa madhara aliyoyapata raia wake.

Kwa mhakiki wa lugha, hata hivyo, sehemu yenye mafunzo zaidi ni hukumu ya awali ya tarehe 24 Mei 2007. Uamuzi uliotolewa na waziri mkuu mwezi Oktoba 1995 ulikuwa wa kumfukuza Diallo. Lakini hati aliyopewa siku ya kuondolewa ilitumia neno jingine la Kifaransa, refoulement, ambalo katika sheria ya wageni lina maana ya kumkatalia mtu kuingia. Tofauti ni kubwa: kwa mujibu wa amri ya 1983, anayekataliwa kuingia hana rufaa. Serikali ilipodai mbele ya Mahakama kwamba Diallo alipaswa kwanza kutumia njia za kisheria za nchini, na kwamba neno lile liliandikwa kimakosa, Mahakama haikukubali. Serikali haiwezi kumwandikia mtu neno linalomfungia mlango, kisha ikamlaumu kwa kutopita mlangoni.

Basi neno moja katika hati lilitosha kubadili hadhi ya mtu aliyeishi nchini zaidi ya miaka 30: akawa kama mtu aliyesimamishwa mpakani asubuhi ile.

4.0 Kurudisha kwa Maana Tatu

Sasa tutazame Kiswahili. Mtu wa Uvira akisimulia kisa kama hicho atasema “walimufukuza” au “walimurudisha kwao”, bila kutofautisha. Lakini tusiharakishe kukilaumu Kiswahili. Kifaransa chenyewe kina kasoro. Neno lile lililomponza Diallo, katika sheria ya wageni ni kitendo halali cha mpakani. Katika sheria ya wakimbizi ni kitendo kilichokatazwa, kwani kifungu cha 33 cha Mkataba wa Geneva wa 1951 kinazuia kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Neno moja linaruhusu hapa na kukataza pale.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulitumia busara zaidi. Kifungu chake cha pili kinataja kukataliwa mpakani, kurudishwa na kufukuzwa kila kimoja kwa jina lake, kisha kinavikataza vyote ikiwa vitamlazimisha mtu kurejea au kubaki mahali pa hatari. Huo ndio mfano wa kufuatwa na anayetafsiri kwa Kiswahili.

5.0 Kufunga au Kuzuilia?

Neno la tatu ndilo linalotumika sana. Mgeni akiwekwa kasho, mtaani husemwa “amefungwa”. Kwa msikilizaji wa kawaida, aliyefungwa ni mwenye kosa, na jambo lake limekwisha. Ndugu wanaanza kutafuta pesa badala ya kuuliza sababu. Neno “kizuizini”, linalotumika Tanzania, nalo lina historia yake: linakumbusha sheria ya 1962 ya kuwazuilia watu bila kuwafikisha mahakamani.

Tunapendelea kitenzi “kuzuilia”. Kwa kuwa kimo katika kauli ya kutendea, kinadai kijalizo: amezuiliwa wapi, kwa ajili ya nini, hadi lini? Sentensi “amefungwa” inatosheka yenyewe. Sentensi “amezuiliwa” inabaki ikidai jibu. Sarufi hapa inasimama upande wa kifungu cha 15.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wasomi, na kwamba askari wa mpakani hasomi makala za isimu. Tunawakumbusha Kamanyola. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Kirundi waliandamana hapo kwa sababu ya wenzao wanne waliokamatwa, wakihofia kwamba watarudishwa Burundi. Vikosi vya usalama vilifyatua risasi, na zaidi ya wakimbizi 30 waliuawa. Hatudai kwamba kosa la msamiati ndilo lililoua. Risasi hazitoki katika kamusi. Tunachosema ni kwamba kwa mtu aliyekimbia, “kurudishwa” ni neno la kifo, na anayelitamka au kulinyamazia bila kueleza ni hatua gani hasa inayochukuliwa, na chini ya sheria ipi, anachezea moto.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi zitenganishwe: “kumkatalia kuingia” kwa kitendo cha mpakani, “kumfukuza nchini” kwa uamuzi dhidi ya aliyekwisha kuingia na kukaa, “kumrejesha hatarini” kwa lile lililokatazwa na mikataba ya wakimbizi, na “kumzuilia” badala ya “kumfunga” kwa asiyehukumiwa. Maneno haya hayahitaji kubuniwa; yote ni ya kawaida, na mvuvi wa Kalundu atayaelewa.

Pili, wanafunzi wetu wanaoitwa kukalimani kwa ajili ya wakimbizi wafundishwe kuuliza kabla ya kutafsiri: hati hii inamkatalia mtu au inamfukuza? Ana rufaa au hana? Saa 48 zimeanza kuhesabiwa lini? Mkalimani asiyeuliza hivyo anaweza kutafsiri kila neno sawasawa na bado akamnyima mtu haki yake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa kwa mujibu wa Katiba. Heshima hiyo haina maana ikiwa mtu anaweza kukamatwa kwa Kifaransa na asielezwe kwa Kiswahili.