Kitabu Kinachoutetea Wanga

Vitabu vya kupunguza unene vimekuwa vingi, na karibu vyote huimba wimbo mmoja: acha ugali, acha wali, acha viazi. Kwetu sisi ushauri huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Katika lugha yetu ya nyumbani, chakula ni ugali, wali au ndizi. Vilivyobaki vyote, iwe nyama, maharage au mchicha, tunaviita mboga. Anayetuambia tuache wanga anatuambia tule mboga bila chakula.

Ndiyo maana nilikisoma kwa hamu kitabu kinachosema kinyume cha hayo. Kinaitwa The Starch Solution. Kilitolewa Marekani mwaka 2012, na waandishi wake ni daktari John McDougall na mkewe Mary, ambaye ndiye mwenye mapishi. McDougall alifariki mwezi Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 77. Dai lake ni fupi: binadamu ni mla wanga. Mataifa makubwa yaliishi kwa mchele, mahindi, viazi au ngano, na watu wake wengi walikuwa wembamba. Unene, asema, uliingia pale nyama, maziwa na mafuta yalipokisukuma chakula pembeni ya sahani.

Hakuyapata hayo maktabani tu. Katika miaka ya 1970 alikuwa daktari wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa huko Hawaii. Wagonjwa wake walikuwa familia zilizotoka Japani, China, Korea na Ufilipino. Wazee waliokuja kutoka makwao waliendelea kula wali na mboga za majani. Walikuwa wembamba, nao walifanya kazi hadi uzeeni. Watoto wao waliojifunza kula Kimarekani walinenepa. Wajukuu walinenepa zaidi, na kisukari na shinikizo la damu vikawafuata. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni sahani. Sura hiyo ndiyo iliyonishika kuliko zote, kwa sababu sihitaji kwenda Hawaii kuiona. Naiona katika picha za arusi za ukoo wetu, nikianza na ya babu na kumalizia na ya wapwa zangu.

Masharti yake ni haya. Wanga ambao haujakobolewa wala kusagwasagwa mno uwe ndio chakula chenyewe: viazi, mahindi, mchele wa rangi ya udongo, maharage. Mboga za majani ziwe nyingi, na matunda kiasi. Nyama, samaki, mayai na maziwa vyote viachwe. Mafuta ya kupikia nayo yaachwe, hata yale ya zeituni yanayosifiwa kila mahali. Karanga, nazi na parachichi si haramu, lakini anayetaka kupungua azitazame kwa mbali. Baada ya hapo mtu ale mpaka ashibe. Hakuna kupima wala kuhesabu.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonivuta, na ndilo linalohitaji maelezo. Gramu mia moja za kiazi cha kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Kikaange kiazi hichohicho kiwe chipsi, na gramu mia zitakuwa na kalori 300 hivi. Gramu mia za mafuta matupu zinakaribia kalori 900. Tumbo, hata hivyo, halihesabu kalori. Huhisi wingi na uzito wa kilichoingia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 na hakijazi hata pembe moja ya tumbo. Kiazi chenye kalori hizohizo unakitafuna, unakimeza na unakisikia. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38 waone kipi hushibisha zaidi kwa kiasi kilekile cha kalori. Kiazi cha kuchemsha kiliongoza, kikiushinda mkate mweupe zaidi ya mara tatu.

Ushahidi wa baadaye nao unamuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Huko Gisborne, New Zealand, watu wanene waliopewa mlo wa namna hii wale mpaka washibe, bila kulazimishwa mazoezi, walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 11 na nusu baada ya mwaka mmoja. Habari zao zilichapishwa mwaka 2017. Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake katika taasisi za afya za serikali ya Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya hospitali kwa majuma manne. Majuma mawili walikula vyakula vya mimea vyenye mafuta machache, na mawili mengine vyakula vya wanyama vyenye wanga kidogo sana. Walipokula mimea, kila mmoja alikula kwa wastani kalori karibu 700 pungufu kwa siku, pasipo mtu kumkataza. Lakini haki itendeke: sukari ya damu baada ya kula ilipanda juu zaidi katika majuma hayo ya mimea. Mwenye kisukari asiruke mstari huo, na anayemeza dawa za kukishusha asibadili sahani kabla hajamwona daktari wake.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilikuwa na kilo 96 na sukari iliyofika mpakani, na wazee wawili wa ukoo wetu tumewazika kwa ugonjwa huo. Nilikula kwa masharti ya kitabu miezi saba. Asubuhi viazi vitamu vya kuchemsha na chai isiyo na maziwa. Mchana ugali wa dona, maharage na matembele yaliyopikwa kwa nyanya, kitunguu na maji. Jioni makande, yale ya Kipare, mahindi na maharage, bila nazi. Kilo zilishuka hadi 85, kisha zikatulia kwenye 87, na sukari ikarudi ndani ya mpaka. Njaa haikunisumbua. Kilichonisumbua ni watu.

Hapa kitabu kimenyamaza kabisa, wala simlaumu mwandishi, kwani hakuishi mtaani kwetu. Kwetu mwanamume anayepungua haulizwi amefanyaje, huulizwa anaumwa nini. Kizazi changu kilishuhudia miaka ambayo kukonda kulikuwa na maana moja tu, na jicho lililojifunza maana hiyo halijaisahau. Kitambi ni cheti kwamba mambo yako si mabaya. Ukipoteza cheti hicho ukubwani, jirani hushusha sauti anapokuamkia. Kwenye arusi niliposogeza sahani ya nyama pembeni, shemeji yangu aliniuliza, "Shemeji, umeshakuwa Msabato?" Tukacheka, lakini ndani ya kicheko mlikuwa na neno: kukataa nyama ya mwenyeji ni kukataa heshima yake. Mlo wa McDougall umetungwa kwa mtu anayekula peke yake, naye ana jokofu lake na uamuzi wake. Sisi tunakula katika sinia.

Kasoro ya pili ni ya neno lenyewe. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba wanga umesafishwa jina, naye atafurahi kweli, kisha ataendelea na chapati zilizomwagiwa mafuta, wali wa nazi, vitumbua, chipsi mayai na ugali wa sembe mweupe kama chokaa. Kitabu hakimaanishi hayo, na kinasema hivyo. Lakini mwandishi anamkabili msomaji ambaye wanga wake umezikwa chini ya jibini na nyama. Sisi wanga wetu umezikwa ndani ya mafuta na umevuliwa ganda kinuni. Kwetu nusu ya kwanza ya ujumbe, "kula wanga", haina kazi, maana hatujauacha. Ujumbe wote umo katika nusu ya pili: usiukoboe, usiukaange. Na hata dona ina sharti lake. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa palepale kwenye pumba na kiini tunavyoambiwa tusivitupe. Kwa hiyo anayesifu nafaka nzima asifu na ghala kavu.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike. McDougall anafundisha kwamba mtu anayekula wanga wa kutosha hawezi kupungukiwa protini. Kwa mtu mzima mwenye kula viazi, nafaka na kunde hadi kushiba, maneno hayo nayakubali. Lakini Afrika Mashariki tuna kumbukumbu nyingine, na imeandikwa na mtu ambaye wapenzi wa nafaka nzima wanamheshimu.

Hugh Trowell alikuwa daktari Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Akiwa pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba nyuzinyuzi za vyakula vya Waafrika zilikuwa zikiwakinga na magonjwa ya Ulaya. Kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu magonjwa ya nchi za Magharibi bado kinatajwa. Huo ndio Trowell wanaomnukuu. Lakini kuna Trowell wa kabla. Mwaka 1954 yeye, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya kwashiakoo: watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, walioachishwa ziwa wakapewa chakula kilekile cha wanga cha wakubwa. Wataalamu wamebishana miaka mingi juu ya chanzo chake, na protini pekee haitoshi kuueleza. Hata hivyo daktari mmoja, katika nchi moja, aliona sahani moja ikimwokoa baba na kumwangusha mtoto.

Je, kuna mgongano? Hakuna, na jibu limo ndani ya hesabu ileile ya kiazi. Mlo wa wanga na maji hunipunguza kwa sababu unajaza tumbo kabla kalori hazijawa nyingi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi. Nalo hujaa kabla kalori hazijawa nyingi, ila yeye alizihitaji. Uji mwepesi unamshibisha kwa uongo. Ndiyo sababu kliniki zetu za watoto zimewafundisha akina mama kuongeza karanga zilizosagwa, maziwa, dagaa au kijiko cha mafuta katika uji, na ndiyo sababu Taasisi ya Chakula na Lishe, katika miaka ya 1980, ilichunguza kimea: unga wa nafaka iliyooteshwa, unaolainisha uji mzito ili mtoto ameze nguvu nyingi katika vijiko vichache. Kile McDougall anachokiita dawa, yaani chakula kingi chenye nguvu kidogo, ndicho hasa kliniki inachopigana nacho.

Neno hili kwangu si la vitabuni. Nyumbani tunapika chungu kimoja, na katika miezi yangu saba mjukuu wangu wa miezi kumi na minne alikuwa akila nasi. Mkwe wangu, ambaye ni mpole na huona haya kunipinga, aliniuliza, "Baba, na mtoto naye tumtolee maziwa?" Nikamjibu la, mwanangu; chungu cha babu si chungu cha mjukuu. Akatengewa uji wake wa karanga na dagaa wake wa kusaga, na mafuta tuliyoyaondoa kwenye mboga yangu yalipata kazi kwake. Kitabu kinachokusudia kuingia katika nyumba ya watu wengi kilipaswa kuliweka onyo hilo mlangoni.

Mwandishi anakubali jambo moja kwa unyofu: mlo wake hauna vitamini B12, na anashauri mtu ameze kidonge. Mjini vidonge vinapatikana kwa mwenye fedha. Kijijini dagaa wachache mara kwa mara ni rahisi kuliko kidonge, na sioni ni kiuno cha nani kitakachonenepa kwa dagaa hao. Hapa McDougall ni kama mhubiri anayehofia kwamba akifungua dirisha moja, shetani ataingia na ukoo wake wote. Ukali huo husaidia watu fulani. Wapo wasioweza kula kipande kimoja cha nyama wakaacha cha pili. Lakini ukali si ushahidi. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa Wamaasai wa Tanganyika, watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa na nyama, wembamba na wenye lehemu kidogo katika damu. McDougall anazungumzia mataifa makubwa, kwa hiyo Wamaasai hawaivunji hoja yake. Wanaipunguzia kiburi tu.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa mtu mzima wa mjini, mwenye kitambi, anayekaa kitini mchana kutwa, hiki ni kitabu chema kuliko vingi nilivyosoma, kwa kuwa hakimwondolei chakula chake wala hakimwachi na njaa. Akisome, aondoe mafuta, arudi kwenye dona, makande, mihogo ya kuchemsha na kisamvu, na apime sukari yake kadiri anavyokwenda. Asimsomee mtoto, wala mjamzito, wala mtu ambaye tayari amekonda kwa ugonjwa au kwa uhaba. Hao nao wanakula wanga mtupu, tena kila siku, wala hawakuchagua. Ya McDougall ni dawa ya walioshiba, naye aliiandika kwa ajili yao. Mimi nilikuwa mmojawapo, na imenifaa.