Pete ya Leah na Farasi wa Iona

Iko desturi iliyozoeleka katika uhakiki wa tamthilia na hadithi fupi, nayo ni kuwapanga wahusika kama bidhaa dukani: huyu mkuu, yule mdogo; huyu bapa, yule duara; huyu mwema, yule muovu. Kisha kila mmoja hubandikwa orodha ya sifa zake, na kazi huhesabiwa imekwisha. Desturi hiyo humfaa mwanafunzi anayejitayarisha kwa mtihani, lakini ina hasara kubwa. Mtu hana sifa akiwa peke yake. Ubahili, upole, jeuri na huruma ni mambo yanayotokea baina ya mtu na mtu, na mahali yanapouma zaidi ni nyumbani, baina ya mzazi na mwana. Anayetaka kumjua mhusika na aulize kwanza: huyu akisema, ni nani anayemsikiliza?

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, ya tamthilia ambayo Shakespeare aliiandika mwishoni mwa karne ya 16. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Mwalimu amelifanya jina hilo kuwa la wingi, tena akachagua neno bepari, ambalo miaka miwili baada ya Azimio la Arusha halikuwa neno la sifa njema. Kwa neno hilo moja Antonio na Shylock wametiwa katika kapu moja. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana tamthilia yenyewe imebeba dharau ya zama zake kwa Mayahudi, watu waliofukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290. Jina la Kiswahili linamwondolea msomaji kishawishi cha kudhani kwamba tamaa ya fedha ni ya watu wa dini moja. Lakini kila uamuzi wa mfasiri hufunua jambo na kufunika jingine. Jina hilo humwelekeza msomaji kwenye fedha, na anayetazama fedha peke yake huenda asiione nyumba.

Nyumba ya Shylock ina watu wawili wa damu moja: baba na binti yake, Jessica. Mama, Leah, hayupo. Hutajwa mara moja tu. Ajabu ni kwamba katika tamthilia nzima baba na binti hukutana jukwaani katika onyesho moja. Shylock amealikwa chakula cha usiku, na moyo wake hautaki kwenda. Anamwita binti yake, anamkabidhi funguo, anamwusia afunge milango na madirisha ili kelele za ngoma na zumari za barabarani zisiingie ndani. Katika maneno yake humwita Jessica kuwa ni wake. Naye Jessica hujibu mara mbili tu. Mara ya kwanza anauliza anaitiwa nini. Mara ya pili anaulizwa mtumishi amemnong'oneza nini, akasema uongo. Neno baba halimtoki mbele ya baba yake. Analitamka Shylock akishatoka, katika kauli ya kuagana ambayo mwenyewe haisikii.

Msomaji wa pwani ana sababu ya kulitambua jambo hilo upesi. Huku binti akiitwa na mzazi wake huitika “Abee”, na katika mwitiko huo mfupi mmekuwa na adabu, utiifu na mapenzi, au angalau sura yake. Nyumba ambayo mwana huitwa na mwitiko wake ukawa swali tupu, ni nyumba iliyokwisha kupasuka kabla ya mwizi kuingia. Usiku huo huo Jessica anavaa nguo za kiume, anachukua kasha la vito na fedha, anatoroka na Lorenzo. Funguo alizokabidhiwa kwa kulinda ndizo alizofungulia.

Hapa ndipo uhakiki wa sifa unapopotoka. Husemwa kwamba Shylock alipogundua hasara yake alipita njiani akipiga kelele, akichanganya binti na dukati kwa pumzi moja, na hiyo huwa hoja ya kwamba hakujua tofauti ya mtoto na mali. Lakini onyesho hilo halimo jukwaani. Anayelisimulia ni Solanio, rafiki wa Antonio na adui wa Shylock, naye husimulia huku akimwigiza na kumcheka. Ushahidi wa adui si wa kutupwa, ila haupokewi bila ya kupimwa.

Shylock mwenyewe anapotokea, katika mazungumzo yake na Tubal, mambo ni mazito zaidi. Haifai kumsafisha. Anatamka kwamba angependa kumwona binti yake amekufa miguuni pake, vito vikiwa masikioni, na hakuna radhi ya mzazi inayobaki mahali penye kauli kama hiyo. Lakini Tubal anampa habari kwa zamu, moja ya kufurahisha na moja ya kuumiza: marikebu za Antonio zimeangamia, Jessica ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja huko Genoa. Kisha inakuja habari ya pete. Jessica ameitoa pete kwa kununulia kima. Shylock anaitambua. Ni pete ya feruzi aliyopewa na Leah kabla hawajaoana, naye asingeiuza hata kwa msitu mzima wa kima. Mtu aliyehesabu kila kitu ana kitu kimoja kisichohesabika, na binti yake hakukijua. Mara baada ya hapo ndipo anapoagiza askari akodiwe kumkamata Antonio. Chuki ilikuwapo zamani, tangu onyesho la mkataba. Lakini saa yake imekuja baada ya pete.

Na pete hiyo haiko peke yake. Mwishoni mwa tamthilia Bassanio na Gratiano, waume wapya walioapa kutozivua pete za wake zao, wamekwisha kuzitoa, nao wanasamehewa kwa kicheko. Hivyo anayeitwa muovu ndiye mume pekee asiyekubali kuiacha pete ya mkewe. Orodha ya sifa haina nafasi ya jambo kama hilo.

Baba wengine wawili wamo humo. Babake Portia amekwisha kufa, lakini wasia wake wa makasha matatu unatiiwa hadi mwisho, ingawa binti ananung'unika kwamba hana ruhusa ya kuchagua wala kukataa. Mzee Gobbo ni kipofu. Mwanawe Launcelot anamtania kwa kumwambia kwamba mwanawe amefariki, kisha anapiga magoti na kumwomba radhi na baraka zake. Ni kichekesho, lakini kimewekwa kabla ya kutoroka kwa Jessica, na msomaji akivitazama kwa pamoja anaona mpango: baba aliyekufa anatiiwa, baba kipofu anachezewa kisha anaombwa radhi, baba aliye hai na mwenye macho anaibiwa bila ya kuagwa.

Mahakama ndiyo inayokuja kuiunga familia hiyo, kwa karatasi. Shylock analazimishwa kuandika kwamba akifa mali yake itakwenda kwa Lorenzo na Jessica, na yeye mwenyewe abadili dini. Hati inapofika Belmont, Lorenzo anashukuru kama mwenye njaa aliyeteremshiwa chakula. Jessica yupo papo hapo, na hasemi kitu. Neno lake la mwisho amelisema kabla, kwamba muziki mtamu haumpi furaha. Binti wa nyumba iliyofungiwa muziki nje amefika penye muziki, na amenyamaza. Mwigizaji anayejua kazi yake atajua la kufanya na kimya hicho.

Hadithi fupi haina jukwaa wala mahakama, na mara nyingi haina hata watu wawili wa familia moja walio hai mahali pamoja. Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Urusi, mwaka 1886 alitoa hadithi ya Iona Potapov, mzee mwendesha gari la farasi katika jiji la Petersburg. Mwanawe amekufa wiki hiyo kwa homa, baada ya siku tatu hospitalini. Theluji inamwangukia hata anakuwa mweupe yeye na farasi wake. Anambeba ofisa wa jeshi, anaanza kumweleza, ofisa anafumba macho. Anawabeba vijana watatu, mmoja wao kibiongo. Wanamtukana na kumpiga, na habari ya kifo wanaipokea kwa kusema kwamba kila mtu atakufa. Anajaribu kwa bawabu, anafukuzwa. Anajaribu kwa kijana mwenzake wa kazi, huyo amekwisha kulala. Mwisho anakwenda bandani, na huku farasi wake akitafuna majani makavu anamweleza yote, akimtaka adhani kwamba naye alikuwa na mtoto, na mtoto huyo amemtangulia.

Mwana wa Iona hatokei hata mara moja katika hadithi, wala hakuna anayehadithiwa alikuwa mpole au mkorofi. Hata hivyo ubaba wa Iona unajulikana wote, kwa sababu unaonekana katika njia anayoitafuta ya kusema. Anataka aeleze kwa utaratibu: mwana aliuguaje, alisema nini kabla ya kufa, mazishi yalikuwaje. Huku visiwani mfiwa hukaliwa matanga, watu wakaja wakaketi, naye akaulizwa hayo hayo mara kumi na akayajibu mara kumi. Kuulizwa huko ndiko kulikobebeshwa mzigo. Iona hakupata hata mmoja wa kumuuliza, akamfanya mnyama kuwa mzazi mwenziwe.

Wazazi hao wawili hawafanani kwa tabia. Mmoja ana dukati na hati. Mwingine hana hata fedha ya kumnunulia farasi nafaka. Wamefanana katika jambo moja: msiba wa mwana umewashika mahali ambapo hapana sikio. Shylock alikuwa na mkataba mkononi, uchungu wake ukaelekea kwenye kisu. Iona hakuwa na kitu, uchungu wake ukaenda kwenye pumzi ya farasi. Mhakiki akiandika kwamba wa kwanza ni katili na wa pili ni mnyonge, hajakosea. Lakini ameacha kuuliza ni nani aliyekuwa karibu nao siku ile, na alikuwa akisikiliza nini.