Mbwa wa Kondoo: Kazi ya Damu na Kazi ya Mkufunzi

Mpeleke Border Collie mchanga mbele ya kondoo ambao hajawahi kuwaona, na mara nyingi atainamisha kichwa, atashusha mabega, atawakazia macho na kuanza kunyemelea. Hakuna aliyemfundisha. Hizo ni hatua za uwindaji alizorithi kwa mbwamwitu: kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kung'ata, kuua. Wafugaji wa mpakani mwa England na Scotland walizalisha, kizazi baada ya kizazi, mbwa ambao hatua za mwanzo zimekolea na za mwisho zimefifia. Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893, alisifika kwa kuongoza kondoo kimyakimya, kwa jicho tu. Kwa hiyo mkufunzi hafundishi kuchunga; hufundisha kusimama, kulala chini, kuzunguka kulia au kushoto kwa filimbi. Kigumu zaidi kwa mbwa ni kuwaswaga kondoo waende mbali na bwana wake, kwa maana silika humtuma awazunguke na kumletea. Jasho la mkufunzi humwagika hapo.

Kangal wa Uturuki, mbwa wa kulinda mifugo, ni kinyume kabisa. Kwake hatua hizo zinatakiwa ziwe zimelala. Akianza kuwanyemelea kondoo, hafai. Lakini upole huo wa kuzaliwa haumfanyi mlinzi. Shirika la Cheetah Conservation Fund, ambalo tangu 1994 huwapa wafugaji wa Namibia mbwa wa jamii hii ili wasilazimike kuua duma, husisitiza mbwa akue zizini tangu akiwa mdogo, awazoee mbuzi kama wenzake. Akikosa malezi hayo katika miezi michache ya kwanza, ni vigumu mno kuyafidia baadaye, hata awe na ukoo gani.

Wanaopinga kwamba damu ina uzito huo watautaja utafiti uliochapishwa na jarida la Science mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 na kukuta kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia. Hoja nzito, ila wengi wa mbwa hao ni wa kufugwa nyumbani, na aina nyingi za leo huchaguliwa kwa sura. Tena utafiti huohuo ulikuta kwamba wepesi wa kufuata maelekezo unafungamana zaidi na aina kuliko tabia nyingine. Asilimia hiyo inakanusha imani katika jina la aina, haikanushi urithi. Basi ukitaka mbwa wa kazi, nenda ukawaone wazazi wake wakiwa kazini. Cheti cha ukoo kisomwe baadaye.