Kumsoma mwanaprogramu mgeni

Mpe kijana aliyetoka chuoni kazi ya kuandika programu ya duka la jumla mjini Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye tawi Beni. Wiki chache zikipita, mkaguzi, yaani mtu anayejua kusoma msimbo, atakuwa ameshamfahamu vizuri. Duka linapokea dola na franka za Kongo, na kiwango cha kubadilisha hakitulii. Mgeni akihifadhi bei ya franka peke yake, dola zikakokotolewa kwa kiwango cha leo, basi risiti ya mwezi uliopita inabadilika kila kiwango kinapobadilika, na mwenye duka hajui tena kama alipata faida au alikula hasara. Akihifadhi dola kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 jumlisha 0.2 itamtolea 0.30000000000000004. Mkaguzi mzuri huliona kosa mara moja, lakini halisahihishi. Anauliza tu: risiti ya tarehe tatu ukiifungua leo, itaonyesha nini? Kisha ananyamaza na kusubiri.

Subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Wengi wanaweza kuona kosa. Wachache wanaweza kuvumilia mgeni alitafute. Jibu likishapatikana, mkaguzi anatazama kinachofuata: je, kijana amerekebisha mstari ule mmoja tu, au amekwenda mwenyewe kwenye ukurasa wa madeni na wa bidhaa zilizorudishwa kuona kama ugonjwa ni uleule? Huyu wa pili ni wa kumshika.

Mtihani mwingine unaletwa na mtandao. Simu ya Beni inatuma mauzo ya magunia kumi ya sukari, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, simu inatuma tena. Kwenye stoo ya programu magunia ishirini yameondoka. Mgeni aliyefikiria kuyapa mauzo namba yake ya pekee tangu yakiwa kwenye simu ameielewa kazi, hata kama ukurasa wake hauna urembo.

Mkaguzi husoma pia kumbukumbu za Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho hutunza kila badiliko pamoja na maelezo ya aliyelifanya. Mwenye kuandika “nimerekebisha” mara kumi mfululizo hajamwambia mwenzake kitu. Mwenye kuandika “risiti ibaki na kiwango cha siku ya mauzo” amemfikiria atakayekuja baada yake. Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, alieleza mwaka 1985 kwamba programu hasa ni ule uelewa ulio kichwani mwa walioijenga. Ndiyo maana mkaguzi humketisha mgeni na kumwambia: nieleze.

Ninachokiheshimu zaidi ni namna anavyotenganisha kosa la mtu na mzigo wa mahali. Siku ya “ville morte”, mji mzima unapofungwa kwa mgomo, hakuna anayefika kazini. Umeme hukatika. Mei 2021 serikali iliiweka Kivu Kaskazini, mkoa wa Butembo na Beni, chini ya utawala wa kijeshi, na mauaji katika eneo la Beni hayakukoma. Yupo kijana anayeandika msimbo huku ndugu zake wamekimbia kijiji. Mkaguzi mwenye haki hahesabu siku zilizopotea. Anatazama kazi ilipokatika iliachwaje: imehifadhiwa, imeelezwa, au imetelekezwa?

Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inampa mkaguzi nafasi ya kumsoma mgeni hivi: muda wa majaribio. Majaribio lazima yaandikwe kwenye mkataba, na muda wake ufuate ufundi na desturi za kazi husika: usizidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na utaalamu, wala miezi 6 kwa wengine. Muda huo ukipita na mtu bado anafanya kazi, mkataba umethibitishwa. Wenye kampuni wa Butembo na Beni, mpeni mkaguzi saa za kusoma msimbo ndani ya miezi hiyo, na saa hizo mzilipe kama kazi nyingine yoyote.