Springi za Peugeot 504

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Ulaya. Wengi huisifu kwa umbo lake lililobuniwa na Pininfarina, nao hawakosei. Lakini ustadi wake mkubwa uko chini, mahali asipopatazama mnunuzi: kwenye springi ndefu laini na shokapu ambazo Peugeot ilizitengeneza yenyewe. Gurudumu lilipewa nafasi pana ya kupanda na kushuka, shimo likaishia huko huko chini kabla ya kumfikia abiria. Katika saluni nyingi, kila gurudumu lilijitegemea. Steshenwagoni, iliyotarajiwa kubeba familia na mizigo yake, ilipewa ekseli nzima nyuma na springi nne, mbili kila upande. Aliyeamua hivyo alimfikiria mtu atakayelipakia gari kupita kiasi, wala hakumlaumu, alimwandalia. Ndiyo maana 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ndiyo maana steshenwagoni hiyo ilibeba abiria wa Kenya kati ya mji na mji kwa miaka mingi.

Peugeot 3008 ya leo ina skrini pana ya inchi 21 na rimu kubwa zilizovishwa matairi ya ubavu mfupi. Watetezi wake watasema, kwa haki kabisa, kwamba katika ajali inamlinda abiria kuliko 504 ilivyoweza, na moshi wake ni safi zaidi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Uhai wa mtu haupimwi kwa mapenzi ya vya kale. Ila mfuko wa hewa unaookoa kichwa haudai kwamba kiyoyozi kiendeshwe kwa kugusa kioo, wala moshi safi haulazimishi taa nzima kung'olewa na kununuliwa upya pale ambapo zamani ilibadilishwa balbu tu. Magari mengi mapya hayana hata tairi la akiba. Mwenye gari hupewa chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, kana kwamba barabara zote ni lami na msaada hauko mbali. Usalama haukuhitaji lolote kati ya hayo.

Wengine watasema tunadanganywa na zile chache zilizosalia, kwani 504 nyingi za Ulaya ziliishia kuliwa na kutu. Ni kweli, bati lake halikuwa na kinga ya kutosha. Lakini zilizosalia hazikusalia kwa bahati tu. Kabureta ilifunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa. Fundi mwenye spana na sikio zuri aliijua injini ile nje ndani, na kijana aliyekaa kando yake akajifunza. Leo kijana huyo anafundishwa kuunganisha mashine ya uchunguzi, kusoma namba ya hitilafu na kuagiza kifaa kizima. Akili yake ni ile ile. Waliolichora gari ndio walioacha kumtarajia.